Fildi ya siasa: namna ya kuifanya ihesabike kwenye matokeo yako

Mwanzoni mwa Julai, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni, nilikaa siku sita za kazi kwenye benchi nje ya ofisi ya mbunge mmoja. Bahasha ya kaki mkononi, shati limepigwa pasi, viatu vya kuazima. Mlango ulikuwa na kufuli. Siku ya tatu mlinzi akanihurumia: "Mdogo wangu, hapa hufunguliwa mheshimiwa akiwa na wageni. Wewe ni mgeni wa nani?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni namba ya katibu wa mbunge, aliyeniambia kwa simu "njoo tu, utapata pa kukaa", na barua ya utambulisho ya idara yangu iliyotaja ofisi hiyohiyo. Siku ya saba nilipanda daladala hadi halmashauri kuanza upya. Wiki moja ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ilikuwa imeshaliwa na benchi.

Nawaandikia wadogo zangu wanaosoma sayansi ya siasa, utawala wa umma, sosholojia au maendeleo ya jamii hapa Tanzania, wanaotaka kufanya mafunzo kwa vitendo karibu na siasa: bungeni, kwa mbunge, kwenye baraza la madiwani, kwenye taasisi inayofuatilia utawala. Mheshimiwa hana krediti hata moja mfukoni. Krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi vinavyohesabiwa kwenye shahada yako, zinatolewa na idara yako, na idara haikuoni ukiwa kazini. Inachoona ni karatasi: barua, fomu ya kuripoti, daftari la kila siku, tathmini ya ofisi na ripoti. Unaweza kufanya kazi kama punda miezi miwili na bado matokeo yakatoka na pengo kwa sababu ya muhuri mmoja.

1. Anza idarani

Kabla hujamtafuta mjomba anayemfahamu diwani, fungua prospektasi, kitabu cha mwongozo wa programu za chuo chako, ukurasa wa programu yako. Angalia kama mafunzo kwa vitendo yana kodi ya kozi, yaani herufi na namba kama kozi nyingine. Kama kodi ipo na umeisajili, fildi ni kozi. Kama haipo, fildi ni uzoefu tu. Uzoefu nao ni mzuri, ila hautaingia kwenye transkripti, ile hati ya matokeo yako.

Ukiipata kodi, nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara na maswali haya: Ni wiki ngapi? Inatolewa gredi ya herufi, au ni kufaulu na kufeli tu? Alama zinagawanywaje kati ya ofisi, msimamizi wa chuo na ripoti? Ofisi ya chama cha siasa inakubalika? Ofisi ya mbunge je? Majibu hutofautiana chuo kwa chuo, na hata idara kwa idara ndani ya chuo kimoja. Aliyesoma Dodoma asikudanganye kwamba na Mzumbe ni hivyohivyo.

Kuhusu krediti zenyewe, utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unahesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Hapo wengi hukimbilia kikokotoo: wiki nane, siku tano, saa nane, jumla saa 320, basi nidai krediti 32! Usijiaibishe. Krediti za fildi zimeshaandikwa kwenye mtaala, na hazipandi kwa sababu ulikuwa ukibaki ofisini hadi saa mbili usiku. Cha kujua ni uzito wake kwenye GPA, yaani wastani wa pointi zako. Tuseme kozi yako ya fildi ina krediti 12 na inatolewa gredi. Ukipata A, ambayo ni pointi 5, umevuna 60. Ukipata C, pointi 2, umevuna 24. Kwa mtu aliyekaa kwenye 3.4 akiitafuta 3.5 ya daraja la pili la juu, hiyo tofauti si ya kuchezea.

2. Soma kalenda ya siasa kabla ya kuchagua ofisi

Kosa langu la benchi lilitokana na kutojua kalenda. Vyuo vingi hutoa wanafunzi fildi kati ya Julai na Septemba. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kwa hiyo unapofika Dodoma na begi lako, ukumbi umefungwa, wabunge wametawanyika majimboni, na walioko jimboni wako barabarani. Ofisi ya mbunge jimboni mara nyingi ni chumba kimoja na katibu mmoja, na katibu huyo yuko kwenye gari la mheshimiwa. Mwaka wa uchaguzi mkuu ndiyo usiseme: Bunge linavunjwa, na kuanzia hapo kila mtu anatafuta kura.

Julai na Agosti mambo yako halmashauri. Robo ya nne imefungwa Juni 30, taarifa zake zinapelekwa kwenye kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani linakaa. Kipindi hichohicho kuna mkutano mkuu wa mwaka, ambapo madiwani humchagua makamu mwenyekiti, au naibu meya kama ni manispaa au jiji. Ndani ya wiki nane unaweza kuona taarifa ikizaliwa kwa mkuu wa idara, ikichanwachanwa kwenye kamati, na ikifika barazani imenyooka kama vile haikupigwa hata swali moja. Kwa mwanafunzi wa siasa, hilo ni darasa ambalo kumbebea mbunge mkoba hakukupi.

Ukibanwa na hamu ya Bunge, barua yako iende kwa Katibu wa Bunge, ukiomba kazi ya ofisi: utafiti, maktaba, Taarifa Rasmi za Bunge (kumbukumbu za mijadala neno kwa neno), sekretarieti za kamati. Hizo ni kazi zinazoendelea hata ukumbi ukiwa kimya. Kuna pia Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kwa walioko Arusha, Bunge la Afrika Mashariki. Walioko Unguja wana Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Taasisi kama REPOA, Twaweza na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hufanya kazi inayogusa siasa kila siku bila mtu kukuvisha fulana ya chama. Msomaji wa Kenya, ambako wenzetu huita atachimenti, mlango wako wa karibu ni bunge la kaunti, na barua huenda kwa karani wake. Kaunti ziko 47, hivyo usikate tamaa Nairobi ikikujibu kwa kimya.

Na ofisi ya chama? Mratibu akiruhusu, nenda, ukijua kwamba ripoti yako itasomwa na mhadhiri anayetafuta uchambuzi, na ofisi itatarajia kampeni. Ni vigumu kuwaridhisha wote wawili.

3. Barua

Anza Februari au Machi. Ofisi za umma hazijibu kwa wiki moja, na nafasi ni chache. Omba sehemu mbili au tatu kwa pamoja, halafu ukipata moja waandikie nyingine kuwashukuru. Afisa utumishi ana kumbukumbu ndefu kuliko unavyodhani.

Barua ya halmashauri huenda kwa Mkurugenzi Mtendaji. Usiandike kwa afisa unayemjua, hata kama ndiye atakayekupokea. Ukimwandikia yeye binafsi, barua inakaa kwenye droo yake. Ukimwandikia mkurugenzi, inaingia masijala, inapewa namba, inawekwa kwenye jalada, na kuna mtu anawajibika kuijibu. Kichwa cha barua kiwe kifupi:

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO KWA WIKI NANE

Kisha aya mbili. Ya kwanza: wewe ni nani, chuo gani, mwaka wa ngapi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ya pili ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo itakayokuokoa: unaomba kupangiwa wapi. Mimi mara ya pili niliandika, "Ninaomba kupangiwa sehemu inayoratibu vikao vya Baraza la Madiwani na kamati zake." Wenzangu wanne walioandika "nafasi yoyote" walipelekwa kwenye foleni za leseni za biashara. Kazi ya heshima, lakini mmoja wao alikuja kuandika ripoti ya ushiriki wa wananchi katika maamuzi, na mwananchi aliyemwona ni yule aliyekuja kulipia leseni.

Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo. Peleka nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha ondoka nayo. Karani atakutazama kama unamsumbua. Tabasamu, mwamkie shikamoo, subiri muhuri.

Ofisi ikikubali, taka jibu la maandishi, hata la mistari mitatu. "Njoo tu" ya kwenye simu ndiyo iliyonipeleka benchi.

4. Siku ya kuripoti

Fika saa moja na nusu asubuhi. Ripoti kwa afisa utumishi, si kwa rafiki yako aliye idara ya mipango. Fomu ya kuripoti isainiwe na kugongwa muhuri siku hiyohiyo, kisha itume chuoni jioni ile kwa njia waliyoelekeza. Chuo hupanga safari za wasimamizi kwa kufuata fomu hizo. Isipofika, kwao hujulikani uko wapi. Wenye mkopo, hakikisheni mmesaini stahiki za fildi kabla ya kusafiri, maana boom la fildi (fedha za mkopo za kujikimu) hupenda kuchelewa na ofisi haina wajibu wa kukulipa hata nauli. Weka akiba ya chumba na chakula cha mwezi wa kwanza.

Uliza mapema msimamizi wako wa ofisi ni nani, na akisafiri atakaimiwa na nani. Andika majina yote mawili.

5. Daftari la kila siku

Hapa ndipo alama zinapokufa. Logibuku ni kitabu chenye mstari wa tarehe, kazi uliyofanya, na sahihi ya msimamizi kila wiki. Wengi huijaza siku ya mwisho wakiwa wamekaa chini ya mwembe, kwa kalamu moja na mwandiko wa mtu mwenye haraka. Mhadhiri aliyesahihisha madaftari kwa miaka kumi anaijua hiyo kalamu.

Huu ni mstari wangu wa Jumatatu ya kwanza halmashauri: "Nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi." Msimamizi wangu, mama mmoja mtulivu aliyekaa kwenye utumishi miaka mingi, aliusoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, kazi mbalimbali ndiyo kazi gani?" Nikamweleza. Akasema, "Basi andika hiyo uliyonieleza." Mstari ukawa hivi:

"Nimepokea barua 14 na kuziingiza kwenye rejesta ya barua zinazoingia. Barua 5 zimetoka kwa watendaji wa kata zikiwa na mihtasari ya kamati za maendeleo za kata. Nimepanga hoja zake kwa sekta: elimu 7, maji 4, barabara 6. Kata mbili zimeomba daraja lilelile, kila moja ikidai liko upande wake. Nimejifunza kuwa hoja ya kata haiendi barazani moja kwa moja. Hupita kwa wataalamu kwanza."

Kazi ni ileile, siku ni ileile, ila mstari wa pili una namba, una njia ya karatasi, una ugomvi wa daraja. Sentensi ya mwisho ya kila siku iwe kile ulichokijua leo ambacho jana hukukijua. Siku usipojifunza kitu, andika kazi tu. Usitunge.

Sahihi ichukue kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo watu wa ofisi wako msikitini, njiani kwenda kijijini au kwenye gari la mtu. Msimamizi akisafiri, anayemkaimu asaini wiki hiyo. Usilimbikize wiki tatu ukamkabidhi kwa mpigo, utamweka mahali pa kusaini asichokiona.

6. Mdomo na simu

Ofisi ya kisiasa ina kitu ambacho kiwanda cha soda hakina: kila unachosikia kina mteja nje. Mkutano wa Baraza la Madiwani uko wazi kwa wananchi. Kikao cha kamati sivyo. Muhtasari uliothibitishwa ni kumbukumbu, rasimu yake si kitu cha kunukuu. Jalada lenye muhuri wa SIRI halikuhusu hata kama limeachwa wazi mezani. Usipige picha karatasi ya ofisi, usiweke kikao kwenye status ya WhatsApp, na fulana ya chama chochote iache nyumbani hadi wiki nane ziishe. Nilimwona kijana mmoja wa chuo kingine akiondolewa wiki ya tano kwa sababu ya picha aliyoirusha kwenye kundi la wanachuo: ukurasa wa posho za kikao, tena kwa utani. Alirudia kozi mwaka uliofuata.

Na kama diwani atakupa elfu kumi "ya maji" ili umwambie kamati imesema nini, kunywa maji yako mwenyewe.

7. Msimamizi wa chuo anapokuja

Atakuja mara moja, kwa dakika thelathini au pungufu, akiwa na wanafunzi wengine tisa wa kuwaona mji huohuo. Hapigi simu siku tatu kabla. Kwa hiyo daftari likae ofisini wakati wote wa kazi, lisiende na wewe mgahawani. Mimi alinikuta nimeenda kununua chapati. Bahati yangu yule mama alikuwa na daftari mezani na aliweza kusimulia kazi yangu kuliko mimi mwenyewe.

Atakuuliza swali moja kwa namna tatu: unachokiona hapa kinahusianaje na ulichosomea? Uwe na mfano mmoja tayari. Wangu ulikuwa lile daraja la kata mbili. Mwambie pia unachofikiria kuandikia ripoti. Akisema mada ni pana, ameshakusaidia.

8. Ripoti

Ripoti dhaifu huwa na kurasa nne za historia ya wilaya, kurasa tano za muundo wa halmashauri ulionakiliwa, na ukurasa mmoja wa kumsifu mkurugenzi. Ripoti nzuri inauliza swali moja ambalo ofisi hiyo pekee ingeweza kukujibu. Baadhi ya maswali yanayobebeka kwa wiki nane:

Hoja ya mwananchi kwenye mkutano wa kijiji inachukua hatua ngapi kufika kwenye bajeti, na inafia wapi? Chagua hoja tatu, zifuatilie karatasi kwa karatasi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Nini kilibadilika kwenye namna vikundi vinavyohakikiwa katika halmashauri yako?

Mfuko wa jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, una kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge, lakini fedha hupitia halmashauri. Nani hasa anaamua darasa gani liezekwe?

Kwa walioko bungeni: chukua wizara moja na wabunge wa mkoa mmoja, soma Taarifa Rasmi za mikutano miwili, hesabu maswali ya nyongeza yaliyouliza jambo jipya na yaliyokuwa salamu kwa wapiga kura. Taarifa hizo ziko kwenye tovuti ya Bunge, hazihitaji kibali cha mtu.

Anza kuandika wiki ya tano ukiwa bado ndani. Ukianza ukiwa nyumbani utakumbuka kwamba kuna takwimu moja hukuichukua, na hakuna atakayekupa kwa simu. Chochote utakachokinukuu kutoka kwenye jalada, mwoneshe msimamizi wa ofisi kwanza, na weka neno lake la ridhaa kwa maandishi. Usitaje jina la mwananchi aliyeleta malalamiko. "Mkazi wa kata A" inatosha. Kosoa panapostahili, kwa lugha ya mwanafunzi: sema ulichokiona, lini, mara ngapi. Niliandika kwamba katika vikao viwili vya kamati nilivyoruhusiwa kukaa, makabrasha yaligawiwa asubuhi ya kikao, hivyo wajumbe waliyasoma huku wakijadili. Mkurugenzi hakukasirika. Alisaini, akasema hata yeye amelalamika.

9. Kuondoka

Wiki ya mwisho usisubiri Ijumaa. Jumatano uwe na fomu ya tathmini iliyojazwa, ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri kama chuo kinataka hivyo, pamoja na daftari lenye sahihi za wiki zote nane. Piga picha kila ukurasa wa daftari lako na wa ripoti. Unapokabidhi idarani, saini kwenye orodha ya waliokabidhi na upige picha mstari wako.

Halafu fuatilia. Matokeo yakitoka, angalia kodi ile ya fildi kwenye mfumo wa chuo. Ikiwa tupu au imeandikwa haijakamilika, nenda kwa mratibu wiki hiyohiyo na nakala zako. Yangu ilitoka tupu. Fomu ya tathmini ilikuwa imebanwa ndani ya ripoti ya mtu mwingine, na niliipata kwa sababu nilimwonesha karani picha ya ile bahasha, ikiwa na muhuri wa bluu uliokatika pembeni, naye akaikumbuka.